Mtoto wa Kasri Mikononi mwa Mfalme Kijana

Wazee wetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa hadi milangoni, asanteni kwa kuja. Swali nililopewa ni hili: mtoto wa nyumba bora, aliye mikononi mwa mfalme kijana mkatili, anaweza kutoka akiwa hai?

Katika ngano mtoto wa namna hiyo huokolewa na ujanja wake, au na malaika, au na farasi mwenye mbio. Mimi nataka tulijibu mahali palipo na majina na tarehe. Twendeni Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, kati ya Oktoba 1884 na Septemba 1888, zamani za Kabaka, yaani mfalme, Mwanga II. Kasri lake lilijaa watoto wa machifu na watoto waliotekwa vitani. Wengine waliuawa kwa namna ambayo hadi leo inatuumiza. Wengine walitoka hai, na mmoja wao akaja kuitawala nchi kwa zaidi ya miaka 30. Tunaweza kuwaweka bega kwa bega na kuuliza nini kiliwatenganisha.

Tulijue kwanza kasri lenyewe. Lubiri ya Kabaka ilikuwa mji mzima uliozungushiwa uzio mrefu wa matete, na ndani yake nyua nyingine, kila moja na lango lake na walinzi wake. Walioiendesha siku hadi siku walikuwa vijana. Kwa Kiganda waliitwa bagalagala. Leo nitawaita watoto wa kasri. Chifu au mkubwa wa ukoo alimchukua mwanawe, pengine mpwa wake au mtoto wa ndugu yake, akamkabidhi kwa Kabaka. Tangu siku hiyo mtoto alikula na kulala kasrini. Alipeleka ujumbe kwa mbio, alilinda milango, alichochea moto usiku, alitunza silaha na nguo, aliwapokea wageni. Makundi yalikuwa mawili: waliohudumu katika baraza kuu, na waliohudumu katika nyumba za ndani za Kabaka mwenyewe. Hawa wa ndani ndio waliokuwa karibu naye zaidi, kwa heri na kwa shari.

Kwa nini mzazi ampeleke mwanawe huko? Kwa sababu ndiko vyeo vilikotoka. Kabaka aliwachagua wengi wa watu wake wa madaraka kutoka kwa vijana aliokuwa akiwaona kila siku, na aliyeingia na miaka kumi na miwili akiwa mbeba ujumbe angeweza kutoka akiwa na miaka 25 amepewa eneo lake la kutawala. Lakini mtoto huyo alikuwa pia rehani. Chifu mwenye mwana Lubiri hakuasi kirahisi, na Kabaka alilijua hilo vizuri kama alivyolijua chifu mwenyewe. Kwa hiyo ninaposema “mtoto aliyeshikwa” sisemi wa minyororo peke yake. Mtoto asiyeweza kwenda nyumbani bila ruhusa ya mfalme ameshikwa, hata akilala juu ya ngozi ya chui.

Pamoja nao walikuwapo waliotekwa hasa. Andrea Kaggwa alichukuliwa Bunyoro akiwa mtoto. Anatoli Kiriggwajjo naye alitoka Bunyoro kwa njia hiyo hiyo. Gonzaga Gonza aliletwa kutoka Busoga. Yusufu Lugalama alikuwa mtoto wa Kihima aliyetekwa katika uvamizi wa upande wa Ankole. Hawa walikuwa wakijua Kiganda na adabu za kasri sawa na wenzao. Walichokosa ni ukoo Buganda. Hakukuwa na mzee wa ukoo wa kubeba zawadi alfajiri, akapiga magoti langoni na kusema: huyu ni wetu, tuhurumie. Naomba mlishike hilo.

Sasa mfalme. Muteesa I, baba yake Mwanga, alifariki Oktoba 1884 baada ya kutawala tangu 1856. Msije mkadhani kwamba ukatili ulianza na mwanawe. Mwaka 1876 Muteesa aliwaua Waislamu wa kasri lake, kama 70 hivi, wengi wao vijana waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu na kuupima uongozi wake kwa sheria ya dini. Walipelekwa Namugongo, mahali pale pale ambapo miaka kumi baadaye wangepelekwa Wakristo. Kila mwaka mahujaji wanapofurika Namugongo mwezi Juni, natamani Waislamu hao nao watajwe kwa sauti.

Tofauti kati ya baba na mwana ilikuwa katika nguvu waliyokuwa nayo. Muteesa aliwapandisha na kuwashusha machifu kwa miongo mitatu hadi kila mmoja akawa anadaiwa naye. Mwanga aliingia akiwa hajafikisha miaka 20, akawakuta machifu wa baba yake wameshakaa vitini. Mkubwa wao, Mukasa, aliyekuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, alikuwa mtu wa Muteesa, mzoefu, mwenye watu wake, na kijana huyu hakuthubutu kumwondoa. Walikuwapo pia wamisionari: Alexander Mackay wa Waanglikana, aliyefika Novemba 1878, na Padri Siméon Lourdel wa Wakatoliki, aliyefika Februari 1879. Kuwagusa kulimtisha, kwa sababu nyuma yao aliona bunduki.

Halafu zikaja habari za pwani. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa akipita Usagara na nchi za jirani akikusanya saini za mikataba. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikampa hati ya ulinzi. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikamtisha Sultani Barghash bandarini Unguja. Habari hizo zilipanda bara pamoja na misafara, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokuwa Mengo, makao ya Kabaka, wakampa Kabaka tafsiri yake: Wazungu huanza na kitabu, wakamaliza na nchi. Tusiwadharau kwa kusema hivyo. Kwa jinsi mambo yalivyokuja kuwa, hawakukosea sana.

Wekeni haya pamoja. Kijana anaogopa Wazungu, lakini hawafikii. Anamwogopa Katikiro, lakini hamwezi. Anaogopa kuonekana mdogo mbele ya machifu wa baba yake. Walio mkononi mwake ni watoto wa kasri, nao ndio wanaokwenda kusoma kwa Wazungu, ndio wanaomkatalia baadhi ya aliyoyataka kwao kwa kusema dini yao inayakataza. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote ya leo. Hatari ya mtoto mbele ya mfalme wa namna hii hupimwa kwa mambo mawili: yuko karibu kiasi gani na mkono wa mfalme saa ya hasira, na je, yupo mtu ambaye mfalme anaona gharama kumuudhi, atakayeumia mtoto huyo akifa. Mengine yote, uzuri wa tabia, akili, hata kupendwa na mfalme, yalisaidia kidogo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na tarehe 31 Januari 1885. Mackay na mwenzake Ashe walikuwa safarini kwenda ziwani wakiwa na vijana wao, wakazuiwa na mkuu wa askari aliyeitwa kwa cheo chake Mujasi. Shitaka: kuwatorosha Waganda nje ya nchi bila idhini ya Kabaka. Wamisionari wenyewe walirudishwa bila kudhuriwa. Watatu wakauawa karibu na Natete: Marko Kakumba, Nuhu Serwanga, na Yusufu Lugalama, yule mateka wa Kihima, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Walikatwa mikono kisha wakachomwa. Mkiangalia kwa makini mtaona kipimo changu kinafanya kazi tangu siku ya kwanza. Hasira ililengwa kwa Wazungu, ikamwangukia mtoto ambaye Buganda nzima hakuwa na baba wa kulalamika. Zawadi za wamisionari hazikutosha, maana mwombezi mgeni anaongeza shaka: kama Mzungu anamtaka sana mtoto huyu, basi kweli ni wake.

Miezi tisa baadaye akafa Askofu James Hannington. Alikuwa ameondoka pwani Julai 1885 akapita njia ya Umaasai kuingia Busoga, yaani kutoka mashariki, upande ambao Buganda iliamini mshindi wake angetokea. Aliuawa tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Mwanga. Na hapo anaingia Yosefu Mukasa Balikuddembe.

Nataka tukae kidogo na kijana huyu, kwa sababu ndiye anayebomoa ile dhana kwamba kipenzi cha mfalme yuko salama. Alikuwa na kama miaka 25. Alilelewa kasrini tangu zamani za Muteesa. Mwanga alimpenda, akamfanya msimamizi wa nyumba yake ya ndani, akamruhusu kumwambia mambo ambayo wengine hawakuyathubutu. Yosefu alitumia ruhusa hiyo kwa kazi mbili: kuwapanga watoto wadogo mbali na mfalme pale alipoona hatari, na kumwambia Mwanga usoni kwamba kumuua mgeni kabla ya kumsikiliza ni kosa, na kwamba baba yake asingefanya hivyo. Kumlinganisha mfalme kijana na baba yake ni kugusa kidonda. Kisha Kabaka akaugua baada ya kumeza dawa ya Padri Lourdel, na neno la sumu likaanza kuzunguka.

Tarehe 15 Novemba 1885 akahukumiwa. Katikiro Mukasa, ambaye alikuwa akimwona kijana huyu kama mshindani, alihimiza auawe siku ile ile, kwa kuwa alijua tabia ya Mwanga ya kugeuka moyo hasira ikipoa. Mukajanga, mkuu wa wauaji, naye alimjua bwana wake, akasitasita akitarajia msamaha. Haraka ya Katikiro ikashinda. Yosefu alikatwa kichwa na kuchomwa Nakivubo. Watu wakiniuliza ni kitu gani kimoja kilichoua wengi zaidi katika baraza la Mengo, nawaambia: haraka. Adhabu iliyotekelezwa siku ile ile haikuwa na nafasi ya kutenguliwa, na iliyocheleweshwa hata kidogo ilikuwa na mlango.

Baada yake vijana waliobaki walimtazama Karoli Lwanga, mkubwa wa watoto wa baraza kuu. Lwanga alifanya kwa utaratibu kile Yosefu alichokuwa akifanya kwa ujasiri wake peke yake. Aliwapa watoto kazi za mbali na vyumba vya ndani. Aliwapeleka kwenye uchimbaji wa ziwa la Kabaka pale Mengo, ambako yeye alisimamia kikosi. Aliwaita kwake wakati mfalme alipowaita. Kwa miezi sita njia hiyo ilifanya kazi, na tuihesabu kuwa mbinu ya kweli ya kuokoa maisha. Udhaifu wake ni kwamba ilitegemea mfalme asitambue nafasi tupu.

Mwezi Februari 1886 moto uliteketeza kasri la Mengo, na baadaye baraza likahamia Munyonyo, ufukweni mwa ziwa kubwa. Makazi yalikuwa madogo kuliko Mengo, na kila mtu alionekana.

Alasiri ya tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi mapema kutoka kuwinda viboko. Hakupata hata mmoja. Aliita watumishi wake, wakaja wachache. Akauliza wengine wako wapi. Akamkuta Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka kama 16, akiwa na Mwafu, mtoto mwenzake wa kasri. Akauliza walikuwa wakifanya nini. Ssebuggwawo akajibu kwamba alikuwa akimfundisha mwenzake dini.

Simameni hapa pamoja nami. Vijana wawili, somo moja, saa ile ile, mfalme yule yule, hasira ile ile. Ssebuggwawo alichomwa mkuki na Kabaka kwa mkono wake, kisha akakabidhiwa kwa wauaji, na tarehe 26 akamalizwa. Mwafu hakuuawa. Mwafu alikuwa mwana wa Katikiro Mukasa.

Sijui mfano mwingine katika historia ya Afrika Mashariki unaoonyesha jambo hili waziwazi namna hii. Hapakuwa na tofauti ya kosa wala ya umri inayoweza kutueleza. Mwanga, akiwa katika hasira iliyomfanya ashike mkuki, bado alijua mtoto yupi anafikika na yupi hafikiki. Wanaosema alikuwa mwendawazimu tu wanatakiwa waielezee alasiri ile.

Usiku huo malango yalifungwa, walinzi wakaongezwa. Lwanga akajua asubuhi itakuwaje, akawabatiza waliokuwa bado wanafunzi wa dini, miongoni mwao Kizito, mwenye miaka kama 14, mtoto wa chifu Lukomera. Asubuhi ya tarehe 26 Kabaka akawaita wote barazani, akaamuru wanaosali wasimame kando, upande wa uzio wa matete. Lwanga akaenda wa kwanza, na wengine wakamfuata. Padri Lourdel alikuwa amefika Munyonyo siku hiyo kuomba kuonana na Kabaka, akakataliwa, na akawaona watoto aliowafundisha wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba.

Amri ile ya kujitenga ni jambo la kuangalia kwa jicho la mtaalamu. Ilimlazimisha kila mtoto kujitaja mwenyewe mbele ya wenzake. Aliyebaki upande wa pili hakufuatwa. Watoto wa kasri waliowahi kusoma na hawakuwapo barazani asubuhi ile, kwa kazi au kwa ugonjwa au kwa kutumwa, wengi wao walipona, kwa kuwa msako wa nyumba kwa nyumba haukudumu. Kwa jumla waliotajwa kwa majina kati ya 1885 na 1887 ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na wasomi wa dini walikuwa wengi kuliko hao kwa mbali. Umbali wa siku chache ulikuwa na thamani kubwa kuliko hoja yoyote ya utetezi.

Tuangalie sasa kinga ambazo watu hudhani zingefaa.

Kazi muhimu? Andrea Kaggwa, yule mtoto aliyetekwa Bunyoro, alikuwa amepanda hadi kuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka na mtu wa karibu naye. Mwanga hakutaka auawe. Katikiro ndiye aliyemtaka, kwa sababu Andrea alikuwa akiwafundisha dini hata watoto wa nyumba yake, akashinikiza hadi Kabaka akakubali, kisha akaagiza aletewe mkono wake kabla hajala chakula. Aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei. Nuwa Walukagga alikuwa mhunzi wa mfalme, na ufundi wa chuma ulihitajiwa kila siku, alichomwa Namugongo. Ustadi unaweza kukulinda dhidi ya mfalme mwenye hesabu. Dhidi ya mshindani wako haukulindi, na wakati mwingine ndio unaomvuta.

Jamaa kati ya wauaji? Mbaga Tuzinde alilelewa na Mukajanga mwenyewe. Mukajanga alimsihi aseme tu kwamba hatasali tena, na alikuwa tayari kumficha nyumbani. Kijana akakataa. Alichoweza kufanya mlezi wake ni kuagiza apigwe rungu shingoni afe kabla ya kutiwa motoni. Hapa palikuwa na mwombezi mwenye uwezo, nia, na nafasi, na mtoto ndiye aliyechagua. Lazima tuliseme hilo kwa heshima yake, maana tukihesabu tu nani angeweza kuishi tunaweza kusahau kwamba baadhi yao walijua mlango uko wapi.

Kupokea kipigo badala ya kifo? Hili lilitokea, na ndilo lililobadili historia. Apolo Kaggwa, kijana wa Kianglikana aliyefanya kazi kwenye ghala la Kabaka, alipigwa na Mwanga mwenyewe hadi akajeruhiwa, kisha akaachiwa. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, aliadhibiwa kwa kuhasiwa, akapona. Msiione kuwa huruma. Mfalme aliyeua watu wake wote wa ghala na wa nyumba asingekuwa na wa kumhudumia kesho yake, na hasira iliyokwisha kutoka kwa fimbo mara nyingi haikurudi kwa mkuki. Ila mtoto hakuwa na uwezo wa kuchagua atapewa ipi.

Waliohukumiwa walisafirishwa hadi Namugongo, kama kilomita 15 kaskazini mashariki ya Kampala ya leo. Baadhi waliuawa njiani. Ponsiano Ngondwe alipigwa mikuki siku ya kwanza, na tarehe 27 wakauawa Athanasi Bazzekuketta kule Nakivubo na Gonzaga Gonza. Waliofika walitiwa kongwa shingoni na mikatale miguuni, wakagawanywa katika vibanda vya wauaji, na kukaa karibu wiki nzima. Muda huo haukuwa wa msamaha kwa makusudi. Kazi yenyewe ilihitaji muda: kukata na kukusanya kuni za kutosha watu wengi, kusuka mikeka ya matete ya kuwafungia, kuandaa pombe ya wauaji. Lakini wiki ni wiki, na ndani yake wazee wa koo walikuwa na nafasi ya kufika kwa Mukajanga na kwa Katikiro.

Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, waliuawa watu 26 Namugongo, Wakatoliki 13 na Waanglikana 13. Lwanga alitengwa akachomwa peke yake, taratibu, kuanzia miguuni. Kiriggwajjo, mateka wa Bunyoro, alikuwa kati ya wale 26. Kizito pia, na hapo tunaona kwamba kuwa mtoto wa chifu hakutoshi ikiwa baba hana uzito mbele ya Katikiro.

Watatu waliondolewa kabla ya moto kuwashwa: Denis Kamyuka, Karoli Werabe na Simeoni Ssebuta. Walikuwa wamehukumiwa pamoja na wenzao, wametembea njia ile ile, wamelala katika kongwa zile zile. Walirudishwa wakaishi, na Kamyuka akaja kutoa ushahidi wa macho uliotumiwa Roma katika kuwatangaza wenzake kuwa wenye heri mwaka 1920. Walitangazwa kuwa watakatifu mwaka 1964. Mengi tunayoyajua kuhusu siku zile, nani alisema nini njiani, nani alifungwa na nani, yanatoka kwa watoto ambao mkono wa muuaji uliwapita.

Baada ya hapo hasira ikapoa. Wa mwisho katika wale 22, Yohana Maria Muzeyi, aliuawa Januari 1887. Mwaka huo huo Mwanga, akitafuta nguvu yake mwenyewe dhidi ya machifu wa baba yake, akaunda vikosi vya vijana wenye bunduki, na walioviongoza ni wasomi wale wale, Wakristo kwa Waislamu. Apolo Kaggwa na Nyonyintono wakawa kati ya viongozi hao. Mfalme alikuwa amewapa silaha watu waliobeba makovu yake mwilini. Septemba 1888 alipopanga kuwapakia mitumbwini na kuwatelekeza kisiwani, walikataa kupanda, wakamwondoa kitini. Akakimbilia kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Tanzania.

Yupo mtoto mmoja ambaye sijamgusa, naye ndiye aliye katika hatari kuliko wote: mtoto wa damu ya kifalme. Kwake yeye mwombezi hafai, kwa sababu kila anayemtetea anaonekana kumwandalia kiti. Kabaka Kalema, aliyetawazwa Oktoba 1888 baada ya nduguye Kiwewa aliyemfuata Mwanga kitini, aliwaua ndugu zake wa kifalme waliokuwa kizuizini, wakubwa kwa wadogo, wana na mabinti, na Kiwewa mwenyewe. Mtoto wa chifu aliuawa kwa alichofanya au alichokuwa karibu nacho. Mwana wa mfalme aliuawa kwa kuzaliwa, na hakuna kazi ya mbali, hakuna wiki ya kuchelewa, itakayoondoa kosa hilo. Mkiniuliza nani angepona kati ya mtoto wa Mukasa Katikiro na mtoto wa Muteesa, sitasita hata kidogo.

Njia pekee ambayo mtoto wa damu hiyo alikuwa salama ni pale watu wenye nguvu walipomhitaji awe hai ili watawale kwa jina lake. Na hilo nalo Buganda ililiona. Nyonyintono alikuwa Katikiro kwa muda mfupi akafa vitani mwaka 1889, na cheo kikaenda kwa Apolo Kaggwa. Mwanga alirudishwa, akaasi dhidi ya Waingereza Julai 1897, akashindwa, na hatimaye akapelekwa Shelisheli, alikofariki mwaka 1903. Agosti 1897 mwanawe Daudi Chwa alitawazwa akiwa na umri wa mwaka mmoja. Walezi watatu wakawekwa kutawala kwa niaba yake hadi akue: Stanislaus Mugwanya, Zakaria Kisingiri, na Apolo Kaggwa, yule kijana wa ghala aliyepigwa na baba wa mtoto huyo mwaka 1886. Kaggwa alimlinda kitini, akabaki Katikiro hadi 1926.